Aliyekuja nyuma yangu amejibiwa. Je, mimi nimesahauliwa?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Niliwasilisha ombi la hifadhi miaka mitatu na miezi miwili iliyopita, mimi na watoto wangu wawili. Nilichukuliwa alama za vidole, nikapewa karatasi, nikaambiwa nisubiri kuitwa kwenye mahojiano. Mpaka leo sijaitwa. Jirani yangu aliyefika mwaka jana ameshahojiwa na ameshapewa hadhi ya ukimbizi. Watu wananiambia kimya kirefu maana yake nimekataliwa ila hawajaniambia. Wengine wanasema nikiandika kuuliza nitawaudhi, na faili langu litawekwa chini kabisa. Mwanangu mkubwa anatimiza miaka 18 mwakani. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole kwa kusubiri, na pole zaidi kwa maneno unayolishwa. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kimya hakimaanishi umekataliwa. Uamuzi wa kukataa ombi la hifadhi hutolewa kwa maandishi, hueleza sababu, na hutaja siku ulizo nazo za kukata rufaa. Kama wewe hujapokea karatasi ya namna hiyo, wala wakili wako hajaipokea, ombi lako bado halijaamuliwa. Ipo hali moja tu inayoweza kukupita bila wewe kujua, nayo ni ombi kufungwa kwa madai kwamba umeliacha. Hiyo nitaieleza mbele, maana inaniogopesha kuliko kimya chenyewe.

Kuhusu kuandika kuuliza: andika. Sijawahi kuona faili lililorudishwa chini kwa sababu mwenye nalo aliuliza kwa adabu na kwa maandishi. Nimeona mengi yaliyoumia kwa sababu mwenye nalo alinyamaza.

Hukutaja nchi uliyoko, na ninaelewa kwa nini. Nitachukua mifano ya nchi kadhaa ili uione hali yenyewe ilivyo. Tarehe za mwisho na fomu za huko uliko, zithibitishe kwa wakili au shirika la msaada wa kisheria la hapo hapo.

Sasa jirani yako. Neno linalotupotosha ni "foleni". Tukilisikia tunafikiria kisimani: aliyewahi kuweka ndoo ndiye anayechota kwanza. Ofisi za hifadhi hazifanyi kazi hivyo. Kila ofisi huchambua maombi kwa vigezo vyake, na vigezo hivyo hubadilishwa kwa amri ya siku moja. Marekani ni mfano ulio wazi kabisa. Kuanzia 1995 maafisa wake wa hifadhi walikuwa wakianza na maombi mapya zaidi. Desemba 2014 wakageuza, wakaanza na ya zamani. Tarehe 29 Januari 2018 wakarudi tena kwenye mapya. Mtu aliyeomba 2016, akawa anakaribia zamu yake, siku hiyo alijikuta nyuma ya kila atakayeingia kesho na kesho kutwa, na hakuna kosa alilolifanya.

Sababu waliyoitoa ni hii. Ofisi ikichelewa kwa miaka, na mwombaji akaruhusiwa kufanya kazi wakati anasubiri, wapo watakaoomba hifadhi kwa ajili ya kibali cha kazi tu. Ukianza na maombi mapya, asiye na hoja anakataliwa mapema na mvuto unapungua. Hoja hiyo ina ukweli wake, na nimeshuhudia maombi ya aina hiyo. Lakini gharama yake yote inabebwa na mtu kama wewe, mwenye hoja nzito na tarehe ya zamani. Naona si haki, na naandika hivyo kila ninapopata nafasi ya kuandika. Mrundikano wa maombi yasiyoamuliwa wenyewe haukuisha: kufikia 2023 maombi yaliyokuwa yakisubiri katika ofisi hizo za Marekani, bila kuhesabu kesi zilizo mahakamani, yalikuwa yamevuka milioni 1. Mwaka 2024 ikabidi baadhi ya maafisa wapangiwe mafaili ya zamani zaidi, kwa sababu yalikuwa yameachwa yakae tu.

Uingereza walichora mstari wa tarehe. Desemba 2022 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliahidi kumaliza mrundikano kabla ya mwisho wa 2023, na baadaye ikafafanuliwa kwamba mrundikano uliokusudiwa ni wa maombi yaliyowasilishwa kabla ya tarehe 28 Juni 2022. Aliyeomba tarehe 27 Juni akawa wa haraka. Aliyeomba siku mbili baada yake akabaki pembeni. Kisha Februari 2023 wakaongeza kigezo cha uraia: watu wa Afghanistan, Eritrea, Libya, Syria na Yemen walianza kutumiwa dodoso la kujaza, na wengi wao wakaamuliwa bila mahojiano marefu, kwa kuwa maombi ya nchi hizo kwa kawaida yalikuwa yakikubaliwa kwa wingi. Wawili wanaolala chumba kimoja, mmoja Mueritrea na mwingine Mkongo, wangeweza kutofautiana kwa mwaka mzima bila yeyote kupendelewa kwa jina lake.

Kwa hiyo kabla hujajilinganisha na jirani, jiulize maswali machache. Anatoka nchi ileile uliyotoka wewe? Aliomba baada ya tarehe fulani ambayo serikali iliitangaza? Alihojiwa katika ofisi ileile, au alihamishiwa mji wenye maafisa wengi? Alikuja bila watoto? Ana ugonjwa mkubwa, au alitambuliwa kama mhanga wa mateso? Na wewe, uliwahi kuchukuliwa alama za vidole katika nchi nyingine njiani? Kama uko Ulaya, swali hilo ni zito. Kwa utaratibu unaojulikana kwa jina la Dublin, nchi uliyoko inaweza kwanza kushughulika na suala la nani anayewajibika kusikiliza ombi lako, na wakati huo hoja zako zenyewe hazijaguswa. Nimekutana na watu waliodhani ombi lao limelala mwaka mzima, kumbe lilikuwa halijaanza.

Lipo na jambo dogo ambalo watu hawalifikirii: mkalimani. Afisa anaweza kuwepo, chumba kikawepo, ila mkalimani wa lugha yako hapatikani. Aliyeandika kwenye fomu kwamba anaweza kuhojiwa kwa Kifaransa huenda akaitwa kabla ya aliyeandika Kibembe. Sikushauri ubadilishe lugha ili uwahi. Mahojiano ya hifadhi yafanywe kwa lugha unayoiota usiku.

Huenda unajiuliza pia kwa nini mrundikano unatokea. Chukua hesabu ya kubuni. Ofisi inapokea maombi 1,000 kwa mwezi na inaweza kuamua 800. Hakuna anayeshtuka, maana kazi inaendelea. Baada ya miaka mitatu kuna mafaili 7,200 yaliyobaki, ambayo ni kazi ya miezi tisa hata kama mlango ungefungwa asiingie mtu tena. Wakati huo serikali inaajiri maafisa wapya. Afisa mpya hawezi kukaa na mtu aliyeteswa na kumhoji baada ya wiki moja. Anafundishwa kwa miezi, na anayemfundisha ni afisa mzoefu aliyetolewa kwenye mafaili. Ndiyo maana miezi ya kwanza baada ya kuongeza watu, kasi hushuka. Wengine huacha kazi mapema, kwa sababu kusikiliza habari za mauaji na ubakaji kila siku kwa mshahara mdogo si jambo la kila mtu.

Halafu mrundikano huhama. Ujerumani mwaka 2016 ilipokea maombi zaidi ya 740,000. Idara ya uhamiaji na wakimbizi ikaongeza wafanyakazi kwa maelfu, maamuzi yakatoka kwa kasi, na waliokataliwa wakaenda mahakamani. Mwishoni mwa 2017 mahakama za utawala za nchi hiyo zilikuwa na kesi za hifadhi zaidi ya 300,000. Uingereza nao walipofyeka ule mrundikano wa kwanza, rufaa zilizokuwa zikisubiri zilipanda mpaka zikapita 50,000 mwaka 2025. Afrika Kusini ndiko nilikosoma takwimu iliyonifanya niweke karatasi chini: mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo alieleza kwamba bodi ya rufaa za wakimbizi ingehitaji kama miaka 68 kumaliza kesi zilizokuwa mbele yake. Watu walikuwa wamezaa, wamesomesha na kuzika wakiwa wameshika karatasi ileile inayoongezwa muda kila baada ya miezi kadhaa. Machi 2021 serikali hiyo ilisaini makubaliano na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi ili kuuondoa mzigo huo.

Mara nyingine hakuna upungufu wa maafisa wala wa pesa, kuna amri ya kusimamisha tu. Utawala wa Bashar al-Assad ulipoanguka tarehe 8 Desemba 2024, ndani ya siku chache Ujerumani, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zilisimamisha maamuzi ya Wasyria mpaka ieleweke nchi yao inaelekea wapi. Waliokuwa wa haraka wakawa wa kusubiri. Kwa hiyo ikiwa nchi yako imebadilika ghafla, kwa heri au kwa shari, kimya chako huenda kinatokana na hilo. Mwishoni mwa 2024 dunia ilikuwa na waombaji hifadhi milioni 8.4 waliokuwa bado wanasubiri jibu. Hauko peke yako, ingawa najua idadi hiyo haikupikii chakula.

Niongeze hapa jambo ambalo si jibu la swali lako, ila linanikera. Yapo mazingira ambamo mrundikano wa namna hii haupo. Uganda inawatambua kwa kundi watu wanaotoka Sudan Kusini na Kongo, bila kumhoji kila mmoja kwa kina, na Mkataba wa Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unatoa msingi wa kufanya hivyo kwa watu wanaokimbia vita. Ulaya nayo tarehe 4 Machi 2022 iliamua kuwapa Waukraine ulinzi wa muda, na zaidi ya watu milioni 4 wakapata haki ya kukaa na kufanya kazi bila kupanga mstari wa mahojiano. Uwezo upo pale utashi unapokuwepo.

Utaniuliza: sheria haina muda wa mwisho? Inao, karibu kila mahali. Sheria ya Marekani inasema mahojiano ya kwanza yafanyike ndani ya siku 45 na uamuzi utolewe ndani ya siku 180, isipokuwa kuwe na mazingira ya kipekee. Sheria hiyo hiyo, mistari michache mbele, inasema masharti hayo hayampi mwombaji haki anayoweza kuidai. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa 2013, uliweka miezi 6, ukaruhusu kuongeza 9, kisha 3, na kikomo cha miezi 21. Uingereza ilikuwa na lengo la miezi 6 kwa maombi yasiyo na utata, na mwaka 2019 ikaliacha. Kupita kwa muda huo hakukupi hadhi, na asikudanganye mtu kwamba ukifikisha siku fulani unakuwa mkimbizi moja kwa moja. Kunachokupa ni hoja: ya kulalamika, ya kwenda mahakamani, na katika nchi nyingi haki ya kufanya kazi. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zimekuwa zikilazimika kufungua soko la ajira baada ya miezi 9 kama ucheleweshaji si wako. Uingereza ni baada ya miezi 12, tena kwa orodha ya kazi maalumu tu. Kama miaka mitatu imepita na hujawahi kuomba kibali cha kazi, hilo lishughulikie wiki hii. Utafiti uliofanyika Uswisi na kuchapishwa 2016 ulikuta kwamba kila mwaka wa ziada wa kusubiri ulipunguza uwezekano wa mkimbizi kupata kazi baadaye kwa pointi 4 hadi 5 za asilimia. Hiyo ni hasara inayobaki hata baada ya barua nzuri kufika.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote uliyoyauliza. Wewe unahesabu miaka. Mimi nawaza faili lako, maana nalo linazeeka, na siku utakayoitwa ndilo litakaloongea kabla yako.

Afisa hataamua kama ulikuwa hatarini siku uliyokimbia. Ataamua kama utakuwa hatarini ukirudishwa leo. Ushahidi uliouleta miaka mitatu iliyopita unaeleza nchi ya miaka mitatu iliyopita. Huenda kundi lililokutishia limevunjika, au limechukua wilaya nzima. Huenda aliyekutafuta sasa ni kiongozi. Huenda ndugu yako aliyebaki alikamatwa mwaka jana na wewe ukalia, ukanyamaza, bila kumwambia yeyote. Yote hayo yanatakiwa yaingie kwenye faili, kwa tarehe, kwa barua, kwa picha, kwa maelezo ya mashahidi. Usisubiri kuitwa ndipo uanze kutafuta, kwa sababu wito mara nyingi huja ukiwa na wiki chache tu za kujiandaa, na shahidi wako hubadilisha namba ya simu.

Kisha kuna kumbukumbu. Siku ya mahojiano afisa atakuwa na maelezo yako ya siku ya kwanza, yale uliyoyatoa ukiwa umechoka, watoto wanalia, mkalimani ana haraka. Atayalinganisha na utakayosema sasa. Je, wewe unayo nakala? Wengi hawana. Omba nakala ya kila ulichosaini, isomewe kwako kwa Kiswahili, neno kwa neno, na ukiona kosa, lirekebishe kwa barua kabla ya mahojiano. Kosa ulilolisema mwenyewe mapema linaonekana kosa. Kosa lililogunduliwa na afisa linaonekana uongo.

Kwetu sisi wa Kiswahili, makosa yanayojirudia nayajua kwa majina. La kwanza ni saa. Umesema walikuja saa mbili usiku, mkalimani akaandika saa nane za usiku wa manane kwa hesabu yetu, kwa sababu aliitafsiri mbili kama ilivyo. Mahali pengine ukasema mlikuwa bado mnakula chakula cha jioni, na afisa akashangaa ni familia gani inayokula wakati huo. La pili ni ndugu. Umesema "baba" ukimkusudia baba mdogo aliyekulea. Ukasema baba aliuawa mwaka fulani, halafu ukasema baba alikupa nauli ya kukimbia mwaka uliofuata. Kwako hakuna mgongano. Ni watu wawili, na wote ni baba. Kwenye karatasi ni maiti iliyotoa nauli. "Kaka" anaweza kuwa mtoto wa shangazi, "mtoto wangu" anaweza kuwa wa dada yako. La tatu ni Kiswahili chenyewe: aliyekulia Bukavu na mkalimani wa Mombasa wanaelewana sokoni, lakini si lazima waelewane katika habari za vyeo vya jeshi au sehemu za mwili. Una haki ya kusema mwanzoni mwa mahojiano kwamba humwelewi mkalimani vizuri. Sema hapo hapo, liandikwe. Ukisubiri mpaka umekataliwa, litaonekana ni kisingizio.

Ile hali niliyokuahidi kuieleza ni hii. Ofisi hutuma barua kwenye anwani ya mwisho waliyo nayo. Ukiwa umehama na hukuwaarifu, ukaitwa usitokee, au ukatumiwa dodoso usilirudishe, nchi nyingi zina uwezo wa kulichukulia ombi lako kuwa umeliacha au umeliondoa. Uingereza mwaka 2023, katika mbio zile za kumaliza mrundikano, maombi yaliyohesabiwa kuwa yameondolewa yaliongezeka sana. Nakumbuka mama mmoja aliyehamia kwa dada yake alipojifungua. Alimwambia mtu wa mapokezi kwa mdomo kwamba amehama. Barua mbili zilikwenda kwenye nyumba ya zamani, ya tatu ikawa ya kufunga faili. Ilituchukua muda mrefu kulifungua tena, na kilichotuokoa ni karatasi ya hospitali yenye tarehe. Kwa hiyo kila ukihama, hata kwa miezi miwili, arifu kwa maandishi, tena arifu kila ofisi inayokuhusu, kwa sababu ofisi ya makazi na ofisi ya maamuzi mara nyingi haziambiani. Karatasi yako ya mwombaji nayo isiishe muda.

Mwanao. Hapa sitaki upoteze hata mwezi mmoja. Baadhi ya nchi humhesabia mtoto umri wa siku ombi lilipowasilishwa: Marekani hufanya hivyo kwa mtoto aliyekuwa chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa wakati mzazi anaomba. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 12 Aprili 2018 kwamba mtoto aliyeingia bila mzazi na kuomba akiwa chini ya 18 hapotezi haki ya kuunganishwa na wazazi wake kwa sababu tu alitimiza 18 wakati ofisi inachelewa. Uamuzi huo ni wa watoto waliokuja peke yao, haukuhusu moja kwa moja, lakini unaonyesha kwamba majaji wanaelewa hatari ya kuacha haki ya mtoto itegemee mwendo wa ofisi. Sehemu nyingine, akifika 18 hutolewa kwenye faili la mama na kutakiwa awe na ombi lake. Uliza kwa maandishi sasa hivi, kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na upate jibu kwa maandishi. Na muache akae na wakili peke yake, bila wewe chumbani. Kijana huenda ana sababu zake za kuogopa kurudi, kama vile kuandikishwa kwa nguvu na wanamgambo, ambazo hajawahi kukuambia ili asikuongezee uchungu.

Hatua za kuwasukuma zipo, na zina mpangilio wake. Ya kwanza ni barua ya kuulizia. Ya pili ni kuomba kuharakishiwa kwa sababu maalumu: ugonjwa wenye cheti, mtoto anayekaribia umri, mume au mtoto aliyebaki nyuma akiwa hatarini. Kusubiri muda mrefu peke yake kwa kawaida hakukubaliwi kama sababu, kwa kuwa kila mtu anasubiri. Ya tatu ni malalamiko kwa ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi, au kupitia mbunge wa eneo unaloishi, ambaye nchi kadhaa humruhusu kuuliza kwa niaba yako hata kama huna kura. Ya nne ni mahakama. Ujerumani ina kesi maalumu dhidi ya ofisi isiyoamua. Marekani watu hufungua kesi katika mahakama za shirikisho. Sheria ya haki za kiutawala ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 inahesabu kutoamua kuwa jambo linaloweza kupelekwa kwa jaji. Lakini shika hili: jaji ataamuru uamuzi utolewe, hataamuru ukubaliwe. Ukiwalazimisha waamue faili likiwa na ushahidi wa zamani, umelipia haraka ya kukataliwa. Mimi hukubali kwenda huko pale tu faili limeshajazwa upya.

Atakayekwambia anamjua mtu ndani wa kulipandisha faili lako kwa pesa, mkimbie. Usiwasilishe ombi la pili kwa jina lingine, maana alama za vidole ni zilezile. Na usirudi nyumbani hata kwa msiba, wala kuchukua pasipoti kwenye ubalozi wa nchi uliyoikimbia, bila kuongea na wakili kwanza. Najua ninachokuomba ninaposema usiende kumzika mzazi. Nasema kwa sababu nimeona safari ya siku tisa ikifuta ombi la miaka mitano.

Na afya yako. Utafiti wa 2004 kwa Wairaki waliokuwa wakisubiri hifadhi Uholanzi ulikuta maradhi ya akili yakiwa mengi zaidi kwa waliosubiri zaidi ya miaka miwili kuliko kwa waliofika karibuni. Usipolala, ukisahau majina ya watu unaowapenda, mwone daktari, na cheti chake kiweke kwenye faili. Kitakutibu, na kitaeleza kwa nini baadhi ya tarehe zimekupotea.

Barua ya kuulizia iwe fupi, kwa lugha ya nchi hiyo, bila lawama. Unaweza kuijenga juu ya maneno haya: "Naitwa fulani, namba yangu ya faili ni hii. Niliwasilisha ombi la hifadhi tarehe hii, pamoja na watoto wangu wawili. Anwani na simu yangu ya sasa ni hizi. Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi kwamba ombi langu bado liko wazi, kwamba anwani mliyo nayo ni hii, na kwamba hakuna barua iliyotumwa kwangu ambayo sikuijibu. Naomba pia kujua kama kuna kitu kinachokosekana kutoka kwangu. Mwanangu mkubwa anatimiza miaka 18 tarehe hii. Naomba kuelezwa kama anapaswa kuwasilisha ombi lake. Naambatisha ushahidi mpya niliopata tangu niwasilishe ombi."

Itume kwa njia inayotoa risiti. Risiti ibandike nyuma ya nakala yako, na baada ya wiki sita, kama hawajajibu, tuma nyingine ukiitaja ile ya kwanza kwa tarehe yake.